Kuashiria: nani anamwashiria nani, na kwa makubaliano gani

Waheshimiwa walimu, wahariri, wafasiri na wapenzi wote wa Kiswahili, habari za mchana.

Tuanze na sentensi tatu. "Mwalimu aliwaashiria wanafunzi wasimame." "Rangi nyeusi katika bendera ya Tanzania huashiria watu." "Mawingu haya yanaashiria mvua." Kitenzi ni kilekile, na hakuna hata sentensi moja hapo itakayomshtua msikilizaji. Ila kazi zinazofanyika ni tatu mbalimbali. Katika ya kwanza kuna mtu na mkono wake. Katika ya pili mkono haupo, lakini walikuwapo watu waliokaa wakakubaliana. Katika ya tatu hakuna mkono wala kikao. Mawingu hayana habari na sisi.

Hoja tuliyokuja nayo leo ni hii: kila unapoandika ashiria, uwe na jibu la swali "ni nani waliokubaliana kwamba kitu hiki kielekeze kwenye kile?" Jibu likikosekana, kitenzi unachokitafuta pengine ni kingine, na Kiswahili kinacho.

Kwanza ukoo wa neno. Ashiria na nomino yake ishara vimetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi uleule uliotupatia shauri, ushauri na mshauri. Kuelekeza kwa kidole na kuelekeza kwa neno ni majirani tangu huko. Alama ni ya ukoo mwingine, ukoo wa elimu na mwalimu. Dalili naye ana ndugu ambaye wengi hawamtarajii: dalali, yule anayekuonyesha chumba cha kupanga kisha akadai chake.

Maana ya zamani ya ashiria ni ya mwili: mkono, jicho, kichwa, kidevu. Hapa mtendwa huwa ni mtu, na mtu akiwa mtendwa Kiswahili kinataka aonekane ndani ya kitenzi. "Askari aliashiria dereva asimame" inaeleweka, lakini inachechemea. Iliyokamilika ni "askari alimwashiria dereva asimame". Kitenzi kinachofuata, kikiwa cha Kibantu, huishia na -e: asimame, akae, wanyamaze. Kikiwa cha mkopo kinabaki na irabu yake: arudi, asubiri, afikiri. Halafu kuna jambo ambalo waandishi wa riwaya wangelizingatia zaidi. Viungo vyetu vina vitenzi vyake. Jicho hukonyeza, mkono hupunga, kidole hunyooshwa, kichwa hutikiswa. Mhusika aliyekonyeza ukimwandika "aliashiria kwa jicho" umemvua nusu ya uhai wake. Ashiria itumieni pale ambapo namna ya ishara haina uzito na kilicho muhimu ni ujumbe uliofika.

Sasa tuje kwenye maana ya pili, ambayo ndiyo inayotuletea kazi: kitu kusimama kama ishara ya kitu kingine. Bendera ni mfano mzuri kwa sababu makubaliano yake yana tarehe. Bendera ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ni ya mwaka 1964, baada ya Tanganyika na Zanzibar kuungana. Njano ilitoka katika bendera ya Tanganyika, bluu ilitoka katika bendera ya Zanzibar, na kijani na nyeusi zilikuwapo pande zote mbili. Zilipokusanywa pamoja zikapewa kazi: kijani huashiria ardhi na uoto wake, njano madini, nyeusi watu, bluu maji ya bahari, maziwa na mito. Hakuna kitu ndani ya rangi ya njano kinachoilazimisha iashirie dhahabu. Vukeni mpaka muone. Katika bendera ya Uganda, iliyopandishwa tarehe 9 Oktoba 1962, njano ni jua. Katika bendera ya Rwanda ya mwaka 2001, njano ni maendeleo ya uchumi. Nyekundu nayo, katika bendera ya Kenya ya Desemba 1963, ni damu iliyomwagika katika kupigania uhuru. Kwa Uganda nyekundu ni udugu wa Waafrika. Rangi ileile, majirani walewale, maana tofauti. Kwa hiyo sentensi "nyekundu huashiria damu", ikiachwa hivyo bila kutaja ni wapi na kwa nani, haijakamilika. Mwanafunzi anayeiandika katika mtihani bado hajajibu swali.

Mwenge wa Uhuru unaonyesha jambo hilo kutoka upande mwingine. Maneno yalitangulia moto. Mwaka 1959, katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, Julius Nyerere alizungumzia kuwasha mwenge juu ya Mlima Kilimanjaro umulike hata nje ya mipaka, ulete matumaini, upendo na heshima mahali vilipokosekana. Mwenge wenyewe uliwashwa kileleni Desemba 1961, nchi ilipopata uhuru. Ukiandika kwamba mwenge ule huashiria matumaini, huna haja ya kubahatisha: maana ilitamkwa hadharani miaka miwili kabla ya kiberiti.

Mmesikia tumesema "huashiria" na si "inaashiria". Makusudi. Makubaliano ni jambo la kudumu, na kiambishi hu- ndicho cha mambo ya kudumu: jua huchomoza mashariki, njano huashiria madini. Kiambishi -na- kinafaa kwa tukio lililo mbele ya macho: "Leo bendera inapepea nusu mlingoti, inaashiria maombolezo." Kosa la kuchanganya viwili hivi halitamfelisha mtu, lakini sikio lililozoea Kiswahili hulisikia.

Kuna pia suala la nani mtenda. Tunasema kwa wepesi kwamba rangi "inaashiria", kana kwamba rangi inafanya kazi. Ukitaka kuonyesha kwamba watu ndio waliofanya, sarufi inakuruhusu: "Madini yaliashiriwa kwa rangi ya njano." Hapo ni kwa, kwa sababu rangi ni chombo. Ukiandika "yaliashiriwa na rangi" umemrudisha mtenda kwenye rangi. Sentensi zote mbili ni sahihi kisarufi, ila mwanahistoria atachagua ya kwanza, maana ndiyo inayouliza: yaliashiriwa na akina nani?

Hapa ndipo wakilisha anapobisha hodi, na hapa ndipo wahariri wengi hutupa kalamu wakasema yote ni mamoja. Si mamoja. Wakilisha amezaliwa na wakili. Wakili na wakala ni watu waliopewa mamlaka ya kusimama mahali pa mwingine, wakatenda kwa niaba yake na neno lao likamfunga aliyewatuma. Ndiyo maana Zanzibar ina Baraza la Wawakilishi. Hakuna ambaye angeliita baraza la waashiriaji. Basi tuitazame tena bendera. Nzima, ikiwa mlingotini ubalozini au kwenye meli, huiwakilisha nchi: inapigiwa saluti, na anayeichana amelikosea taifa. Lakini kipande kimoja cha kijani kilichokatwa humo hakipigiwi saluti na mtu. Rangi huashiria, bendera huwakilisha. Kipimo ni rahisi: je, kitu hiki kinaweza kutendewa kama ambavyo angetendewa mwenyewe? Kama ndiyo, wakilisha. Kama kinaelekeza tu, ashiria.

Ramani na hesabu ziko upande wa wakilisha, na kwa sababu hiyohiyo. Katika ramani ya kipimio cha 1:50,000, sentimita 1 huwakilisha nusu kilomita, yaani sentimita 2 ni kilomita 1. Unaipima sentimita kwa rula na kulitumia jibu kana kwamba umetembea njia yenyewe. Huo ni uwakili kamili. Msitari wa ramani hauashirii barabara kwa mbali. Unafanya kazi yake mezani.

Katika aljebra uzembe wa kitenzi huleta hasara inayohesabika. Mwalimu anaandika: maembe 3 na machungwa 2 yanagharimu 3x + 2y. Anauliza x ni nini. Darasa linajibu: "maembe." Mwalimu akilipokea jibu hilo, msiba umeanza. x haiwakilishi maembe. Inawakilisha bei ya embe moja kwa shilingi. Embe likiwa shilingi 500 na chungwa shilingi 200, basi 3 × 500 + 2 × 200 ni 1,900. Huwezi kuzidisha 3 kwa embe ukapata shilingi. Mtoto aliyeizoea "x inaashiria maembe" atakwama siku atakapokutana na mlinganyo ambao ndani yake idadi ya maembe ndiyo isiyojulikana na bei inajulikana, kwa sababu kwake herufi ni picha ya tunda. Semeni hivi, na mwandike ubaoni hivyo kila mara: "Tuseme x inawakilisha bei ya embe moja, kwa shilingi." Kuna kiasi, kuna kipimo, na kitenzi ni wakilisha.

Tukiwa hapohapo kwenye herufi: ipo desturi ya kusema kifupisho "kinasimamia" maneno fulani. Simamia ni kazi ya msimamizi. Mwalimu husimamia mtihani, fundi mkuu husimamia ujenzi. BAKITA ni kifupisho cha Baraza la Kiswahili la Taifa. "Ni kifupisho cha" inatosha, na haimwachi mtu akiwaza herufi zimeshika fimbo.

Turudi kwenye mawingu. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema ishara, na hawakukosea. Dalili imefungamana na chanzo chake bila mtu kukaa kikao. Wingu zito lina maji, maji yatashuka. Homa ni dalili ya malaria, na ya maradhi mengine mengi, ndiyo maana mgonjwa hupimwa damu badala ya kuamuliwa kwa joto la paji la uso. Kwa mambo ya namna hii Kiswahili kina "ni dalili ya", "yaonyesha", "yabashiri". Magazeti yamepanua ashiria hadi huku, na kamusi hazikatazi. Hatutasimama hapa kulipiga marufuku. Ila tazameni kinachotokea katika sentensi kama "kupanda kwa bei ya unga kunaashiria ukame". Mwandishi alitaka kusema ukame ndio uliosababisha bei kupanda? Au kwamba bei ni onyo la ukame ujao? Au amebahatisha uhusiano tu? Ashiria imemsitiri. Ukimlazimisha achague kati ya "kumesababishwa na", "ni dalili ya" na "kunahusiana na", itambidi arudi kwenye simu aulize watu wa mazao. Kwa mhariri hilo ndilo faida. Viashiria vya uchumi ni habari nyingine: hapo kuna watu waliokubaliana kwamba vipimo fulani ndivyo vitakavyotazamwa, na neno limekaa mahali pake.

Pwani inatufundisha kwamba kuna ishara ambazo haziitwi ishara. Chukueni kanga. Ina pindo kuzunguka kingo, mji katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa chini. Inauzwa doti, vipande viwili. Mwanamke akipita mlangoni kwa jirani amejifunga kanga yenye jina lenye ncha, hakuna shoga yake atakayesema "kanga yake inaashiria chuki". Watasema amempiga kijembe, au kanga imesema. Na aliyepigwa kijembe akiuliza, jibu lipo tayari: mimi nimevaa nguo yangu tu. Uwezo wa kukana ndio nguvu ya fumbo. Hapo kitenzi ni fumba, na fumba ni kinyume cha ashiria: anayeashiria anataka ujumbe ufike, anayefumba anataka ufike kwa mmoja na umpite mwingine. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Anayefasiri habari za kanga kwa wageni akatumia ashiria kila mahali ameondoa kile kijembe akaacha kitambaa. Kisutu kinachovaliwa harusini, chenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, ni tofauti. Hicho hakimfumbii mtu; kila anayekiona anajua kuna arusi, na hapo ashiria inafaa kabisa.

Walimu wa fasihi, hii ni zamu yenu, na tutakaa kidogo. Madarasa ya Kenya yana taashira (ishara) na jazanda (picha ya maneno), ya Tanzania yana ishara na taswira, na mipaka ya maneno hayo hugombewa kila msimu wa kusahihisha. Tuyaweke kando tutazame kipande hiki, kilichotungwa kwa ajili ya somo:

"Kila magharibi mama alitia komeo mlango wa mbele, akauvuta mara mbili kuhakikisha. Baba alipokwenda Muscat, komeo likawa linatiwa kabla ya alasiri. Barua zilipokoma, mlango ukaanza kulala wazi."

Mwanafunzi aanze kwa kuuliza kama mlango ni mlango. Ndiyo, una komeo, unavutwa, mtu anapita. Ishara nzuri kwanza ni kitu chenyewe. Halafu ahesabu: umerudi mara tatu. Kisha aangalie kama ulibadilika, na ulibadilika pamoja na nini. Umebadilika kila hali ya baba ilipobadilika: yupo, yuko mbali, kanyamaza. Hapo makubaliano yamepatikana. Katika bendera waliokubaliana ni waasisi na wananchi. Katika hadithi ni mwandishi na msomaji, na makubaliano yenyewe huandikwa kwa marudio ndani ya matini. Ndipo mwanafunzi ana haki ya kuandika "mlango unaashiria". Unaashiria nini? Hapa anaweza kuchagua. Mlango ulioachwa wazi ni mama aliyekata tamaa, hana tena cha kulinda. Au ni mama anayemngoja mtu arudi usiku asikute komeo. Jibu lolote kati ya hayo lipewe alama ikiwa ameonyesha sehemu mbili za matini zinazolibeba. Asiyeonyesha asipewe, hata kama anasema kwa lafudhi tamu.

Linganisheni na jibu lililozoeleka: "Siku ya maziko mvua ilinyesha. Mvua inaashiria huzuni." Mvua imetokea mara moja, haikurudi, haikubadilika. Inajenga hali ya huzuni, basi. Mwanafunzi ameleta makubaliano kutoka kwingine, labda kwenye sinema. Kwa mkulima wa Dodoma mvua siku yoyote ni neema. Kosa jingine, na hili ndilo linalokula alama nyingi, ni kuishia njiani: anataja kitu, anataja kinachoashiriwa, anaweka nukta. Kiungo kati ya viwili hivyo, yaani kwa nini mlango na si dirisha, hakiandikwi. Msahihishaji hawezi kukiweka kwa niaba yake.

Tahajia tutaipitia haraka, kwa sababu makosa yake ni machache ila yanajirudia. Ni inaashiria, a mbili, moja ya -na- na moja ya shina. "Inashiria" si neno. Kanushi ni haiashirii, i mbili mwishoni, kwa kuwa shina linaishia na -a na -a hiyo hugeuka i. Vivyo hivyo haziashirii, hakiashirii. Wakati uliopita haugeuzi kitu: haikuashiria. Wingi wa kiashiria ni viashiria, na upatanisho ufuate: kiashiria kimoja kimeonyesha, viashiria viwili vimeonyesha. Ishara haibadiliki, ila vipatanishi vyake hubadilika: ishara hii, ishara hizi.

Limebaki moja, nalo linawahusu wenzetu viziwi. Tanzania husema lugha ya alama, Kenya husema lugha ya ishara; msihangaike kusawazisha, mfuate wasomaji wenu. Kilicho muhimu ni kitenzi. Mtu anayetumia lugha hiyo haashirii. Ana msamiati, ana sarufi, ana utani na lahaja, na mikono yake inafanya kazi ambayo ulimi wako unafanya. Ukiandika "kiziwi aliashiria kwamba ana njaa" umemshusha kutoka kwenye lugha hadi kwenye kupunga mkono. Andika "alisema ana njaa", na kama msomaji anahitaji kujua kwa njia gani, ongeza "kwa lugha ya alama". Kama kweli hakutumia lugha hiyo, aligusa tumbo tu na kuelekeza kidole kwenye sufuria, basi hapo, kama angekuwa mtu mwingine yeyote, aliashiria.

Asanteni kwa kutusikiliza. Maswali sasa.